Nimeombwa ujaji wa mashindano ya ngozi, na kijana niliyemfundisha yumo

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni fundi wa mikoba na mikanda hapa Mwanza, huu mwaka wa 17 nashika msharasi. Ufundi nilifunzwa na mjomba aliyekuwa akishona viatu kando ya stendi, darasani sikuingia. Mwaka jana waandaaji wa maonyesho ya wajasiriamali wilayani kwetu walianzisha mashindano ya kazi za ngozi, wakaniita niwe mmoja wa majaji watatu. Nilifurahi mno, nikanunua na shati jipya.

Siku yenyewe tulikuta vitu 31 vimepangwa kwenye meza mbili, kila kimoja kimebandikwa jina la mwenyewe na namba yake ya simu. Kulikuwa na makubadhi, mikanda, pochi, viatu vya shule, ala ya panga, begi la kompyuta, hata kiti cha pikipiki kilichovikwa ngozi. Tukapewa saa moja na nusu na karatasi yenye safu tatu: ubora, ubunifu, muonekano. Tulizunguka pamoja tukizungumza. Mwenzetu mmoja ni mtu mzima mwenye jina lake mjini, na kila meza alikuwa wa kwanza kusema. Mimi na mwenzangu tukaona haya kumpinga.

Ushindi tulimpa dada aliyeleta mkoba mwekundu. Wiki tatu baadaye nikaukuta mkoba uleule dukani, zipu ileile, bitana ileile, imening'inia mitatu kwa rangi tatu. Sijui kama aliununua akauleta, au yeye ndiye anayeliuzia duka. Sikuuliza. Wa pili alikuwa mama mmoja anayeshona makubadhi kwa mkono. Tangu siku ile nikipita kibandani kwake ananiitikia salamu akiwa ameinama.

Sasa wameniita tena. Safari hii mmoja wa washiriki ni kijana niliyemfundisha miaka minne, ana kibanda chake sasa, na kazi yake naijua hata gizani. Maneno yameshaanza. Halafu mtoto wa dada yake mfadhili naye anashiriki, na mmoja wa waandaaji aliniambia kama utani, "Mzee, mwenye zawadi msimsahau." Juu ya hayo, vijana waliosomea teknolojia ya ngozi pale chuo cha ufundi cha DIT, Kampasi ya Mwanza, wanasema sisi mafundi wa mtaani hatujui vigezo, na wa mtaani nao wanasema wa chuo wanabebwa na vyeti.

Mke wangu ananiambia nikatae, kwamba ujaji haulipi kodi ya kibanda. Nikatae, au kuna namna ya kuifanya kazi hii na bado nikalala usingizi?

Fundi Mikoba, Mwanza

*

Marahaba mwanangu.

Mkeo ana hoja kuhusu kodi, lakini usikatae. Ukikataa, kiti chako atakalia mtu asiyeweza kutofautisha ngozi na plastiki iliyopigwa chapa ya vinyweleo. Kubali, ila uwape waandaaji masharti yako kwa maandishi wiki mbili kabla. Wakiyakataa, hapo ndipo utakapojitoa, na sababu utakuwa nayo mkononi.

Nianze na kijana wako, maana najua ndiye anayekunyima usingizi. Watakuambia dawa ni kuondoa majina na kubandika namba. Waondoe, ni jambo la lazima, na zile namba za simu sijui ziliwekwa za nini. Lakini kwa mafundi wanaofahamiana, namba haifichi kitu. Mkono wa mtu unajulikana: anavyomalizia uzi, anavyokata pembe, anavyopenda rangi ya kahawia iliyoungua. Wewe mwenyewe umesema unamjua hata gizani.

Kwa hiyo jitoe. Na usijitoe kwenye kazi yake peke yake. Majaji wengi wanakosea hapa, wanasema "hii siigusi" halafu wanaendelea kutoa alama kwa wale anaoshindana nao. Ukimpunguzia mpinzani wake alama tano, ni sawa na kumwongezea yeye tano. Kama ameleta mkanda, kundi lote la mikanda liamuliwe na jaji wa akiba. Waandaaji waulizie ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kama inamfahamu fundi wa Musoma au Shinyanga asiye na ndugu wala mdeni kwenye hizo meza. Kisha lisemwe kwa kipaza sauti kabla vitu havijafunuliwa: fundi fulani hataamua mikanda kwa sababu amemfundisha mmoja wa washiriki. Likisemwa mapema linakuwa utaratibu. Likigunduliwa baadaye linakuwa kashfa, hata kama alama zako zilikuwa safi. Wenzako wawili nao waulizwe hivyohivyo. Yule mzee wa heshima huenda ana wajukuu wa kazi mji mzima.

Mtoto wa dada yake mfadhili hana kosa kushiriki. Mwacheni ashindane, huenda anajua kushona. Kinachotakiwa ni mfadhili na watu wake wasikanyage chumba cha majaji wala kuona karatasi ya alama kabla ya matokeo. Yule mwandaaji aliyekutania, mjibu kwa utani wa aina yake: mwambie mwenye zawadi hamtamsahau, mmemwekea kiti cha mbele na kipaza sauti cha kutolea hotuba. Ataelewa. Bahasha ikija, hata ya "nauli", ipitie kwa waandaaji na iwe sawa kwa majaji wote.

Sasa tuje kwenye ile karatasi yenu. Ubora, ubunifu, muonekano. Mwanangu, kiti cha pikipiki na makubadhi vinashindanaje kwa "muonekano"? Kosa lenu la kwanza lilikuwa hapo, kabla ya mkoba mwekundu. Vitu 31 vya aina saba kwenye mizani moja, lazima kikubwa na chenye rangi kali kishinde, kwa sababu ndicho jicho linachokiona kwanza. Kuna mashindano ya dunia ya viatu vya mkono yaliyoanza London mwaka 2018. Pale mshiriki analeta kiatu kimoja tu, wala si jozi, na wote wanapewa masharti ya aina moja ya kiatu. Wanapimwa kwa ugumu wa kazi, usafi wa utekelezaji na uzuri wa umbo. Ninyi hamna haja ya kubana namna hiyo, lakini makundi ni lazima: makubadhi na viatu, mikanda, mikoba na pochi, na mengineyo. Ndani ya kila kundi, wenye chini ya miaka mitatu kazini wakae peke yao ikiwa wanafika watano. Na masharti yatangazwe mapema, kabla mtu hajakata ngozi, yakiwa na uzito wa kila kigezo. Fundi akijua mshono una alama 30 na nakshi 10, atajua saa zake azitumie wapi.

Kisha ugomvi wa chuo na mtaa. Naujua vizuri, nimefundisha pande zote mbili, na mara nyingi chanzo chake ni ngozi yenyewe kuliko vyeti. Ngozi nyingi ya viwandani mnayoipata sokoni imeivishwa, yaani imetiwa dawa isioze, kwa kemikali ya kromu. Ukiikata, tazama moyo wa ukingo wake, mara nyingi utaona ukijivu au ubluu. Ni laini, haichoki upesi na maji, lakini ukiigonga nakshi inarudi kama godoro, na ukiusugua ukingo wake unabaki na manyoyanyoya. Ngozi iliyoivishwa kwa magome, kama ya miwati inayolimwa Njombe, ni ya kahawia mpaka ndani. Ukiilowanisha kidogo inashika alama ya chuma na kuitunza, na ukingo wake ukisuguliwa kwa nta ya nyuki unang'aa kama pembe.

Sasa jaji aliyesoma kwenye vitabu vya mafundi wa ngozi ya magome anafika mezani, anaukuta mkoba wa kromu, anaandika "kingo hazikusuguliwa", anakata alama kumi. Amemwonea. Kromu haisuguliki, humaliziwa kwa rangi ya kingo au kwa kuupara ukingo uwe mwembamba, kuukunja na kuushonea ndani. Na jaji wa mtaani aliyezoea kromu anashika mkanda wa magome, anausikia mgumu, anasema "huu haukulainishwa". Naye ameonea. Kwenye fomu ya kushiriki iwepo nafasi ya kuandika aina ya ngozi, na swali lenu liwe: je, fundi ameimalizia ngozi hii inavyotaka yenyewe?

Makovu pia. Ng'ombe wetu wanapigwa chapa ya moto, wanakwaruzwa na miiba, wanaumwa na kupe, na mchunaji naye akiwa na haraka anaacha mikato ya kisu upande wa nyama. Ukimkata fundi alama kwa kila kovu, umemhukumu mfugaji. Mhukumu fundi kwa pale alipoliweka hilo kovu. Likiwa chini ya bizimu au mahali mkanda unapokunjwa kila siku, ngozi itapasukia hapo, na fundi alipaswa kuliona wakati anakata. Likiwa katikati ya kifuniko cha mkoba, limenyooka, limepangwa, huenda ndilo pambo zuri kuliko yote mezani. Nimewahi kuona mkoba wenye chapa ya mwenye ng'ombe imekaa kama nembo, na mpaka leo nasikitika sikuununua.

Mengine ya kushika kwa mkono unayajua, lakini yaandike ili na wenzako wayafuate. Geuza kazi ndani nje kabla ya kuisifia. Mshono uuangalie upande wa nyuma, maana wa mbele kila mtu anaupendezesha. Matundu yawe na umbali mmoja, mwisho wa uzi urudishwe nyuma au ufungwe, usiachwe umechomwa kwa kiberiti na kuachiwa donge jeusi. Mkono na mashine visigombane bure. Mshono wa sindano mbili una sifa yake, kila tundu linapitwa na nyuzi mbili, moja ikikatika ya pili bado inashika. Lakini mshono wa mkono uliopinda haupaswi kuushinda wa cherehani ulionyooka eti kwa kuwa ni wa mkono. Mkanda ushike ncha mbili uvute polepole: uliokatwa kwenye ngozi ya tumbo utavutika na kupinda, uliokatwa sambamba na mgongo utakaa. Pochi ijaribu kwa noti ya elfu kumi. Nimeshaona pochi yenye nakshi za kutoa machozi ambayo noti ilikuwa inachungulia nje kama mtoto dirishani. Rangi ipangusie kitambaa cheupe, kikavu kwanza, halafu chenye unyevu kidogo, sehemu isiyoonekana.

Na hapo niongeze, kwa sababu mwaka jana hukunieleza vitu vile vilishikwaje. Kazi ya mtu mezani ni amana. Majaji wanawe mikono, wavue pete, kalamu ya wino isikaribie meza, tumieni penseli. Jaribio lolote linaloweza kuacha alama liandikwe kwenye masharti, mshiriki akubali akijua. Meza zisikae juani, rangi hupauka na gundi hulegea. Kila kitu kipokelewe kwa karatasi na kirudishwe kwa sahihi.

Tuje kwenye mkoba mwekundu. Kumjua aliyeshona kwa kutazama kitu kilichokwisha kushonwa ni kazi ngumu, hata mimi ningeweza kudanganyika. Usipambane nalo mezani, lipambanie mlangoni. Kila mshiriki alete karatasi alizokatia ramani ya kazi yake, vipande vya mabaki vya ngozi ileile, na picha mbili tatu za kazi ikiwa nusu. Halafu, asubuhi ya mashindano, kila mtu apewe vipande viwili vilivyokatwa kwenye ngozi moja, nusu saa, avishone sentimita 15 kwa njia aliyotumia kwenye kazi yake, mkono au cherehani. Kishono hicho kisipewe alama, maana kuna watu mikono huwatetemeka wakitazamwa. Kiwekwe kando ya kazi, mlinganishe. Aliyeshona mkoba ule kwa mkono wake atajulikana ndani ya sentimita tano.

Mkiona kazi iliyojaa herufi za LV, yaani Louis Vuitton, au nembo nyingine ya kampuni ya watu, itoeni kwenye mashindano. Mwambieni mwenyewe bila kumfedhehesha, kwamba mshono wake huenda ni mzuri lakini ameazima jina. Na ngozi ya chatu, mamba, chui au mnyama pori yeyote isipokelewe bila vibali, hata kama mtu anaapa ni ya babu yake. Kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na jaji anayeipa zawadi ngozi isiyo na karatasi amejiweka mwenyewe pabaya, na amewafundisha vijana thelathini waliosimama pale kwamba inaruhusiwa.

Yule mzee wa heshima hutamnyamazisha, na si adabu. Badilisha utaratibu tu. Kila jaji azunguke peke yake, kimya, aandike alama na sababu ya maneno machache kwa kila kazi, karatasi zikusanywe, ndipo mzungumze. Mtu akishaandika 62 kwa mwandiko wake hawezi tena kujifanya alikuwa anawaza kama mzee. Kabla ya kuanza, chukueni kitu kimoja ambacho hakishindani, mkipime wote watatu, mlinganishe. Hapo mtagundua mmoja wenu ni mkali na mwingine ana mkono wazi, mrekebishane mapema.

Hata hivyo msizijumlishe tu zile alama. Nikupe mfano. Mikoba mitatu, A, B na C. Jaji wa kwanza ametoa 72, 70 na 68. Wa pili 70, 73 na 71. Wa tatu ni mtu wa kutawanya sana alama, ametoa 40, 50 na 90. Ukijumlisha, A ana 182, B 193, C 229, C ameshinda kwa mbali. Lakini jaji wa kwanza alimweka C wa mwisho, na wa pili alimweka wa pili. Aliyeamua ni mtu mmoja, kwa sababu tu anatumia namba kubwa na ndogo kuliko wenzake. Sasa geuza alama ziwe nafasi: A ni wa 1, wa 3, wa 3, jumla 7. B ni wa 2, wa 1, wa 2, jumla 5. C ni wa 3, wa 2, wa 1, jumla 6. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi, naye ni B, ambaye hakuna jaji aliyemweka wa mwisho. Mwaka jana mlijumlisha, sivyo? Natamani ningeziona zile karatasi.

Na zile sababu mlizoandika zisitupwe. Kila mshiriki aondoke na karatasi yake yenye mambo mawili: lililo zuri na la kurekebisha, kwa lugha ya kazi. "Kazi nzuri, ongeza bidii" haimsaidii mtu. "Kamba ya bega imeshonwa kwenye ngozi moja bila kiraka nyuma, ikibeba kilo tano itachanika" inamsaidia. Kwa hili panga muda. Saa moja na nusu kwa kazi 31 ni chini ya dakika tatu kwa kila moja, hata pochi huwezi kuigeuza ndani nje ukaridhika. Ombeni siku nzima, au idadi ya kazi iwe na kikomo.

Limebaki la mwaka jana. Usiende dukani kupiga kelele, wala usimtangaze yule dada. Huna ushahidi, na kama yeye ndiye anayeliuzia duka, basi ni fundi hodari na umemchafua bure. Waandikie waandaaji ulichokiona na tarehe uliyokiona, wamwite wamuulize, naye aonyeshe ramani zake. Kama hakushona, tuzo ihame, na itangazwe palepale ilipotangaziwa. Kama alishona, moyo wako utatulia.

Kwa yule mama usisubiri jibu la waandaaji. Nenda kibandani kwake asubuhi kabla ya wateja. Usimwahidi kitu, na usimseme dada wa watu. Mwambie mwaka jana mliamua kwa haraka, na kwamba hukumweleza kwa nini makubadhi yake yalikuwa ya pili. Kisha yashike mkononi, umweleze. Najua umeshaona kitu kwenye makubadhi yale, fundi wa miaka 17 hawezi kukosa. Mweleze mazuri kwanza, halafu na pale kamba inapoingia kwenye soli kama hapakukaa sawa, mwambie. Ukishatoka huko niandikie tena, nataka kujua kama alikukaribisha chai.